Kipimo na Vidole Vitatu

Magauni sita ya wapambe wa bibi harusi yalirudi kwa mkupuo mmoja. Aliyeyarudisha ni shangazi wa bibi harusi, mwanamke mwenye mwili wa kutosha na sauti ya kutosha zaidi, ambaye hakupiga hodi wala hakuvua viatu. Aliyabwaga juu ya meza ya kukatia, akaweka mikono kiunoni, akangoja kuombwa radhi.

"Mama Mapacha," alisema, "nilikuletea wasichana uwashonee. Wewe umeshonea vijiti."

Mama Mapacha hakuwa mtu wa kuomba radhi haraka. Mtaa mzima ulijua kwamba mkono wake si wa kubahatisha. Alikuwa ameshona sare za shule, suti za maofisa na magauni ya maharusi ambao sasa walimletea binti zao, na katika miaka yote hiyo nguo iliyorudi ilirudi kwa sababu mwenyewe ameipenda anataka nyingine ya rangi tofauti. Basi alitoa pini mdomoni, akazichomeka moja moja kwenye kimto chake, ndipo akajibu.

"Wamenenepa."

"Wote sita?"

"Harusi ikikaribia watu hula, dada yangu. Ni furaha."

"Furaha gani hiyo ya kunenepesha watu sita kwa kiasi kimoja? Kila zipu imeachia vidole vitatu. Nimepima mwenyewe kwa vidole vyangu hivi. Mmoja kavuta mpaka kalia mbele ya wenzake, na bibi harusi naye kapandisha mori, anasema aliyeshindwa kuingia kwenye gauni asisimame naye. Mama Mapacha, harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Usinitie aibu."

Ili aibu hii ieleweke, lazima ijulikane jinsi mwanamke huyu alivyofanya kazi. Utepe wa kupimia ulining'inia shingoni mwake kutwa, lakini ulikuwa pambo tu. Yeye alipima kwa jicho, na jicho lake lilikuwa na kitu kimoja cha kulinganishia: binti yake wa pili, msichana wa miaka kumi na saba, ambaye tangu alipoacha kurefuka ndiye aliyesimama juu ya kigoda katikati ya sebule akavalishwa nguo za watu. Mteja akiingia, Mama Mapacha alimtupia jicho mara moja, akatamka: "Wewe ni Kipimo na vidole viwili kiunoni." Maana yake ni kwamba gauni likivaliwa na yule binti, kiunoni pabaki nafasi ya vidole viwili, na hapo limekamilika. Wateja walicheka, wakastaajabu, wakaenda kusimuliana. Binti akabaki na jina hilo, Kipimo, na hata baba yake alimwita hivyo.

Sasa Kipimo alikuwa ameshapanda kigoda bila kuambiwa. Mama alimvalisha gauni la yule aliyelia. Lilimteremka vizuri, likatulia mabegani, na mama alipopenyeza vidole vyake vitatu kiunoni viliingia sawasawa.

"Unaona?" Mama Mapacha alimgeukia mgeni kwa ushindi. "Kipimo na vidole vitatu. Ndivyo nilivyosema, ndivyo nilivyoshona. Sasa kosa langu liko wapi?"

Shangazi wa bibi harusi hakulitazama gauni. Alimtazama aliyelivaa, tangu shingoni mpaka kwenye vifundo vya mikono, na ile sauti kubwa ikapungua.

"Mtoto huyu anaumwa?"

"Nani, huyu?" Mama Mapacha alicheka. "Huyu hajawahi kunisumbua tangu azaliwe. Ndivyo alivyo, mwembamba wa asili. Wateja wangu wanamwonea wivu."

"Mimi simwonei," alisema shangazi, akachukua mkoba wake. "Jumamosi ya wiki ijayo, Mama Mapacha."

*

Mchana ule fundi alitafuta mchawi. Kwanza alishuku kitambaa, akakilowesha kipande na kukipiga pasi, lakini hakikusinyaa hata kidogo. Akashuku mkasi. Akashuku cherehani, ambayo ilikuwa imemtumikia kwa uaminifu kuliko watu wengi. Mwisho aliyatandaza magauni yote sita mezani, akakaa akiyatazama huku chai ikimpoa.

Watu sita hawawezi kunenepa sawasawa. Hilo fundi yeyote analijua. Mmoja huongezeka kifuani, mwingine tumboni, mwingine mikono tu. Ikiwa nguo sita zimekosea kwa kiasi kilekile na mahali palepale, basi hawakukosea wale sita. Amekosea mmoja.

Aliinua macho. Binti yake alikuwa ameinama kando ya dirisha akiokota vipande vya nyuzi sakafuni, amevaa sweta ingawa siku ilikuwa ya jua kali.

"Hebu njoo hapa, mwanangu. Vua hilo sweta."

Mama Mapacha alivua utepe shingoni, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sana, akauzungusha kiunoni mwa binti. Ncha zake zilikutana mapema mno. Akauzungusha tena, akidhani ameushika vibaya, na zikakutana palepale. Kipimo aliyekuwa kichwani mwake alikuwa wa mwaka jana. Huyu aliyesimama mbele yake alikuwa mtu mwingine, na ni yeye mama yake aliyekuwa akimbania nguo wiki hadi wiki, pini hapa, pini pale, akidhani kitambaa kinateleza. Tena alifurahi. Alikuwa akiwaambia watu, tazameni nguo inavyomkaa.

"Umekula leo?"

"Nimeshakula, mama."

"Umekula nini?"

"Chakula."

*

Katika nyumba ile meza ya kukatia ndiyo iliyokuwa meza ya kulia. Jioni vitambaa vilikunjwa, nyuzi zikapanguswa, sufuria zikaja. Baba alikaa upande wa mlangoni. Alikuwa fundi majokofu, mtaani wakimwita Fundi Baridi, kwa kazi yake na kwa upole wake pia. Kando yake alikaa Kaka, kifungua mimba, mwaka wa mwisho katika chuo cha umeme, ambaye nyumba nzima ilikuwa ikihesabu kwamba akimaliza tu mambo yatanyooka. Upande wa pili walikaa mapacha, wasichana wa miaka tisa wenye kelele za watu kumi na wanane, ambao tangu wazaliwe walimnyang'anya mama jina lake la zamani la Mama wa Kaka wakampa la kwao. Na katikati ya hao alikuwa Kipimo, ambaye hakukaa. Yeye alipakua. Alijua Kaka anapenda ukoko, baba hataki mchuzi mwingi, pacha mmoja hali karoti na mwingine hula za mwenzake. Na kwa kuwa yeye ndiye mpakuaji, kila mtu alitazama sahani iliyowekwa mbele yake, na hakuna aliyetazama ile ya mwisho.

"Nina swali," alisema Mama Mapacha, kabla mtu hajatia tonge mdomoni. "Nani kati yenu amemwona huyu akila?"

Wakatazamana.

"Mimi namwona kila siku anapakua," alisema Baba.

"Sikuuliza habari za kupakua."

"Yeye si hula jikoni?" alisema Kaka.

"Umemwona akila jikoni?"

"Sijawahi kuingia jikoni."

"Hilo nalijua."

Pacha mmoja akafungua mdomo, mwenzake akampiga teke chini ya meza, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. "Chakula chake tunakula sisi. Anatugawia kule uani. Alisema sisi ndio tunakua."

"Alisema ni siri, mjinga wewe!"

Kipimo alisimama na mwiko mkononi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshikwa na mali ya wizi, wakati kitu pekee alichokuwa amekiiba kilikuwa chake mwenyewe.

Mama Mapacha hakuwahi kushindwa na mshono, na aliona hili nalo ni la mshono tu: palipopungua paongezwe. Alimnyang'anya binti yake mwiko, akamvutia kiti, akamjazia sahani wali mpaka ukawa kilima, akaisukuma mbele yake.

"Kula. Hapa hapa, sote tukiona."

Binti alishika kijiko. Alikijaza, akakiinua, akakirudisha. Wote walimtazama. Baba alisahau tonge mkononi.

"Siwezi, mama."

"Huwezi nini? Kutafuna?"

"Siwezi."

"Si ule tu?" alisema Kaka, na pengine alidhani anasaidia. "Watu wanakitafuta chakula hawakipati, wewe unakibembeleza."

"Mwacheni kwanza," alisema Baba.

"Nimemwacha vya kutosha!" Mama Mapacha alipiga meza, sahani zikaruka. Aliyasikia maneno yake baada ya kuyatoa, na yalikuwa kweli tupu. Wali ukapoa. Mchuzi ukaganda juu. Mwishowe binti aliinuka, akakusanya vyombo vya watu wote kama ilivyo desturi yake, akaenda kuviosha huku machozi yakimdondokea ndani ya beseni.

*

Asubuhi mama alimkuta amesimama juu ya kigoda, amevaa gauni la kwanza kati ya yale sita, amejiandaa kwa kazi.

"Shuka," alisema Mama Mapacha.

"Na magauni, mama? Harusi je? Ukiongeza vidole vitatu tena..."

"Nimesema shuka, mwanangu."

Alishuka. Mguu wa kwanza ulifika sakafuni, wa pili haukumsaidia kitu. Alitaka kuishika meza, akashika kitambaa badala yake, akaanguka pamoja na gauni na kisanduku cha vifungo, vifungo vikatawanyika sebule nzima.

Mama alipiga ukelele ambao majirani waliukumbuka kwa muda mrefu. Baba alimbeba mikononi mpaka kwenye gari lake la kazi, na jinsi alivyokuwa mwepesi ndicho kitu kilichomtoa Baba machozi, yeye aliyezoea kubeba majokofu. Nyuma ya gari kulikuwa na jokofu la mteja lililofungwa kamba, na hakukuwa na muda wa kulishusha, basi likaenda nao hospitali. Mwenye jokofu alipiga simu wakiwa njiani kuuliza liko wapi. "Liko hospitali," Baba alisema, akakata.

Daktari alimpima, akasikiliza kifua chake kwa muda mrefu kuliko mama alivyopenda.

"Moyo wake unakwenda polepole kuliko inavyotakiwa. Atabaki hapa kwa siku kadhaa. Tutamrudisha kwenye chakula taratibu, kwa uangalizi, si kwa kumjazia sahani."

Mama Mapacha alimsogelea. "Sasa daktari, nipe dawa ya hamu ya kula."

"Hamu anayo, mama. Anaiogopa."

*

Mshauri wa pale hospitali alikuwa dada wa makamo, mtulivu, mwenye sketi iliyokunjwa upindo ovyo ovyo. Kwa ajili ya upindo huo Mama Mapacha aliingia chumbani akiwa hamwamini tangu mlangoni. Waliketi wanne: yeye, mumewe, binti yao katika kanga ya hospitali, na huyo mwenye upindo.

"Nyumbani mna watoto wangapi?" aliuliza mshauri.

"Hilo linahusiana vipi na chakula?"

"Huenda halihusiani. Nauliza nipate kuwajua."

"Wanne. Mvulana, huyu, halafu mapacha."

"Kwa hiyo yeye yuko katikati."

"Lazima mtu awe katikati!" Mama Mapacha alikuja juu. "Ulitaka nimzae wapi?"

Baba alikohoa kuficha kicheko, na mshauri naye akatabasamu bila kuficha.

"Sisemi kuzaliwa katikati ni ugonjwa. Wako wa katikati wengi wanaomaliza sufuria na kuramba mwiko. Na hapa naletewa vifungua mimba, vitinda mimba, hata watoto wa pekee. Ugonjwa huu hauna sababu moja, na mtu akikwambia anaijua yote, usimwamini. Lakini kila mtoto nyumbani ana mahali pake pa kuonekana. Nataka kujua pa huyu ni wapi. Nyumbani mnamwitaje?"

Mama Mapacha alimtazama mumewe.

"Kipimo," alisema Baba, akalisikia jina lile kana kwamba ni mara ya kwanza.

Mshauri hakushangaa wala hakulaumu. Alimgeukia msichana. "Na wewe mwenyewe unaonaje?"

Mama Mapacha alifungua mdomo ili amjibie, kama alivyokuwa akimjibia siku zote kwa wateja, na mumewe akamwekea mkono gotini. Akaufunga.

"Kaka ni Kaka," binti alisema mwishowe, akiyatazama magoti yake. "Akifaulu tunajua sote, akifeli tunajua. Mapacha ni mapacha, hata mama anaitwa kwa ajili yao. Mimi nikiwa juu ya kigoda ndipo mama ananitazama. Ananigeuza, ananitazama juu mpaka chini, anasema, hapo hapo, usibadilike." Akaikunja ncha ya kanga yake. "Kuna mteja alisema mapacha nao wakikua watasimama vizuri. Mama akasema ndiyo, huyu akinenepa tu namstaafisha."

"Nilikuwa natania!"

"Najua, mama. Watu wote walicheka. Hata mimi nilicheka."

"Mwanzo nilitaka nisibadilike tu," binti aliendelea, sasa maneno yakimtoka kwa urahisi zaidi. "Halafu nikipungua, nguo zinanikaa, mnanisifu. Nikaona naweza. Kaka ana chuo, mimi nina hili. Baadaye nikataka kuacha. Sikuweza. Nilikuwa napakua chakula, nanusa, njaa inaniuma, lakini nikifikiria kula naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote. Nikawa nawapa mapacha, nawatazama wanakula."

Mama Mapacha aliona haya. Hakuona haya mbele ya mshauri, wala mbele ya mumewe. Aliona haya mbele ya mtoto ambaye alimshika kwa mikono yake kila siku, akamgeuza, akamchoma pini, na asimwone. Alilia waziwazi, bila kuficha uso, na mshauri akamwacha alie mpaka alipojipangusa kwa mkono.

"Basi nipe kazi," alisema. "Mimi ni mtu wa kazi. Kulia kwangu kumeisha. Nifanye nini?"

"Kwanza, asisimame tena juu ya kigoda. Wala asiwe mpakuaji. Mle pamoja, mzungumze mambo mengine, msimlinde kama mfungwa. Msiusifu mwili wake wala msiukosoe, hata kwa wema. Na mje hapa kila wiki. Itachukua muda, mama. Kuna siku atarudi nyuma, na siku hiyo hamjashindwa."

"Haya," alisema Mama Mapacha, akainuka. Mlangoni aligeuka. "Na wewe, dada, siku moja niletee hiyo sketi. Bure."

*

Harusi haikungoja mtu. Mama Mapacha alituma salamu kwamba wasichana sita waje wenyewe, na walikuja wameongozana na shangazi aliyekuja kupigana. Viatu vyake bado viko miguuni, mkoba kwapani.

"Sasa tunataka kujua," alianza, "kosa ni la nani?"

Ingekuwa rahisi kusema kitambaa. Wauza vitambaa wamezoea kusingiziwa. Mama Mapacha aliona sentensi ile ikimjia mdomoni, tayari imeshonwa, akaimeza.

"Langu. Niliwapima hawa kwa mwanangu, na mwanangu alikuwa anaisha mbele ya macho yangu. Uliniuliza kama anaumwa, nikakucheka. Yuko hospitali."

Shangazi alisimama kama aliyevutiwa mkeka chini ya miguu yake. Alikuwa amekuja na maneno mengi mazuri ya ugomvi, na hayakuwa na pa kwenda. Akaangalia magauni, akaangalia kigoda kitupu. Kisha aliinama, akavua viatu vyake, akaketi.

"Nipe wembe nifumue," alisema. "Kushona sijui, ila kubomoa najua."

Alifumua vibaya, akakata pasipotakiwa mara mbili, na Mama Mapacha hakumwambia kitu. Yeye aliwapima wasichana mmoja mmoja kwa utepe, pande zote, polepole kama mwanafunzi. Yule aliyelia siku ile alijikunja bega utepe ulipomfikia.

"Nimeanza kupunguza kula," alinong'ona. "Nisije nikaondolewa."

Mama Mapacha aliuachia utepe. Alimshika mashavu kwa mikono miwili. "Nisikilize vizuri, mwanangu. Hujanenepa. Nguo ndiyo iliyokosea. Nguo hufuata mtu, mtu hafuati nguo. Leo utakwenda nyumbani, utakula, na bibi harusi akiwa na neno mlete kwangu."

"Na kwangu," alisema shangazi, akiwa na uzi mdomoni.

Siku ya harusi magauni sita yaliwakaa wasichana sita, na bibi harusi hakuwa na neno.

*

Nyumbani mambo yalibadilika kwa kelele. Kaka aliingia jikoni, akauliza chumvi inakaa wapi, na swali hilo likachekwa kwa wiki nzima. Wali wake wa kwanza ulikuwa chini mkaa, juu mbichi. Zamu ya Baba ilifuata, naye alipakua kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba kila sahani ina gesi ndani. Mapacha walikatazwa kuzungumzia chakula wakati wa chakula, ikawa wanasimulia habari za darasani kwao, wote wawili kwa pamoja, wakisahihishana, mpaka mtu akitaka kusikiliza kimojawapo anaumwa kichwa. Jina la Kipimo lilikufa bila mazishi. Baba ndiye aliyelisahau kwanza, akaanza kumwita mwanangu; Kaka na mapacha wakamwita dada.

Haikuwa safari ya kushuka mlima. Kuna siku binti alikula vijiko viwili akasukuma sahani. Kuna siku alikimbilia uani, Mama Mapacha akamfuata mpaka mlangoni, akajizuia kwa kushika fremu ya mlango kwa nguvu zake zote. Kuna siku alimpigia mama kelele: "Unanitazama! Unasema hunitazami, lakini unanitazama!" Mama akageuza kiti chake, akala akiwa amewapa wote mgongo, mpaka binti mwenyewe akashindwa kuzuia kicheko. Na kuna siku aligombana na Kaka kwa sababu Kaka amekalia kiti cha dirishani, ambacho yeye alikitaka. Aligombana kweli, kwa maneno makali, na hakuomba radhi. Mama Mapacha alikuwa akipiga pasi wakati huo. Alishindilia pasi yake kimya kimya, moyo ukimwenda mbio kwa furaha, kwa kuwa mtoto huyu hakuwahi kudai kitu katika nyumba ile, hata kiti.

Wateja wengine walilalamika. Walikuwa wamezoea kuona nguo zao zikivaliwa kabla ya kulipa, na sasa fundi aliwapima kwa utepe kama fundi mwingine yeyote, akawaambia waje wajaribu wenyewe. Wawili watatu walihama. Mama Mapacha aliwaaga kwa adabu.

Siku moja mchana alikuja mteja mkubwa, mke wa meneja fulani, mwanamke wa manukato na haraka. Gauni lake lilikuwa la sherehe ya kazini kwa mumewe, kitambaa ghali chenye kuteleza, na lilikuwa limeshikizwa tu, halijashonwa. Alitaka kuliona linavyoanguka.

"Nimesikia una binti anayevaa nguo vizuri sana. Mwite nione kabla sijakupa nyingine tatu."

Mama Mapacha alikuwa amekumbatia kitambaa kile kwa mikono yote miwili kisimdondoke, kichwa kimejaa hesabu za mabega na mikunjo, na mazoea ya miaka yakamtangulia.

"Mwanangu!" aliita kwa sauti. "Njoo mara moja usimame!"

Neno lilikuwa limeshatoka. Alilisikia likienda, likivuka sebule, likiingia kwa watoto huko uani walikokuwa na sahani zao. Angetoa cherehani yake ili alirudishe. Nje, mapacha walinyamaza, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Kijiko kiligusa sahani, kisha hakikusikika tena. Mama Mapacha alisimama na kitambaa cha mteja kifuani, akiwaza maneno ya kusema mtoto atakapotokea mlangoni, maana alijua atatokea, siku zote alitokea.

Mlango ulibaki mtupu. Ila sauti ilikuja, si kubwa wala si ya hasira, sauti ya mtu ambaye mdomo bado una chakula.

"Siji, mama. Nakula."

Mke wa meneja aliinua nyusi zake mpaka karibu na nywele. "Makubwa! Watoto wako ndivyo wanavyokujibu?"

Mama Mapacha aliliweka gauni mezani. Alicheka, machozi yakamtoka hapo hapo, na hakuona sababu ya kuficha kimojawapo.

"Hapana," alisema. "Huyu mmoja tu. Ameanza leo."